Kambare Langoni kwa Muthoka

Huko Muthetheni, kama ulitaka kumkasirisha Mzee Muthoka, ulimwonyesha nyama iliyokatwa na mtu mwingine. Angeinama, angeitazama, kisha angeuliza aliyekata bega hapa alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Yeye ndiye aliyekuwa na kisu. Harusi, mazishi, ubatizo, kijana kurudi kutoka jeshini, palipochinjwa mbuzi Muthoka aliitwa, naye alijua bila kukuna kichwa kidari ni cha nani, shingo ni ya nani, mbavu zinaelekea upande gani wa uwanja, na ni mzee yupi apewe figo ili anyamaze.

Mbali na kisu, alikuwa pia na lango. Kwa Wakamba msichana hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo waletwe kwao, mmoja wao achinjwe, na pande zote mbili zimle mnyama huyo huyo. Mengine yote, pete na keki na picha, ni mapambo. Hilo kila mtu alilijua. Muthoka aliongeza lake, alilosema amelipata kwa babu yake: mnyama wa kuchinjwa aingie langoni akiwa hai, na aingie mwenyewe. Asibebwe, asikokotwe, asisukumwe. Mnyama akiingia kwa hiari, alisema, ni ushahidi kwamba hata msichana haburutwi na mtu. Akina mama walilipenda sana neno hilo, na likageuka sheria ya kijiji. Na kwa kuwa baba wa msichana hawezi kuhukumu lango lake mwenyewe, aliwekwa shahidi, jirani wa ukoo mwingine, wa kusema mnyama ameingia au hajaingia.

Sheria ni tamu ikiwa langoni kwa mwenzako. Mwaka mmoja kabla ya zamu ya Muthoka mwenyewe, Nzioka, jirani wa ng'ambo ya korongo, alikuwa anamwoza binti yake Kalondu, na Muthoka ndiye aliyekuwa shahidi. Wakwe walikuja na beberu mnene, anayependeza macho, ila alikuwa ameumia ukwato njiani, na alipofika langoni akasimama. Vijana wawili, kwa huruma tu, wakamwinua wakamvusha. Muthoka akasema hajaingia. Nzioka akamwomba alifikirie tena. Muthoka akajibu kwamba hata akilifikiria mpaka Krismasi, mbuzi amebebwa. Wakwe wakamrudisha beberu wao kwenye gari, wakaahidi kuja tena baada ya mavuno.

Mavuno hayakuja. Mwaka huo wa elfu mbili na tisa mvua ilikataa kabisa, mahindi yakakauka yakiwa mafupi, mbuzi wa wale wakwe wakaisha mmoja mmoja. Kalondu alingoja mpaka akachoka, akafunga nguo zake akaenda kuishi na mwanamume wake hivyo hivyo, bila ntheo. Akazaa huko. Na kwa kuwa baba hakanyagi nyumba ya binti ambaye hajaozwa, Nzioka alikuwa hajamtia machoni mjukuu wake. Hakumlaumu mtu. Kila asubuhi alimwamkia Muthoka kwa adabu, akamuuliza hali ya nyumbani, akaenda zake, na adabu hiyo ilimwasha Muthoka kuliko matusi.

Wakati huo huo serikali ilikuwa imeshikwa na mapenzi ya samaki. Chifu aliita baraza, akaja bwana samaki kutoka mjini Machakos, mabuti yake hayana hata vumbi, akaeleza kwamba vidimbwi vitachimbwa nchi nzima, hata kwa watu ambao samaki wamemwona kwenye kalenda tu. Ziwa limechoka, alisema, na midomo inaongezeka. Haiwezekani taifa zima likawa linapanga foleni ya mahindi ya msaada kila mvua inapokosa. Mwenye kidimbwi atalisha watoto wake, ziada ataiuza, na pesa itabaki hapa hapa. Akatoa mfano wa kijana mmoja wa milima ya Iveti, jina lake Mulwa, aliyechimba kidimbwi chake chini ya chemchemi kabla serikali haijaota ndoto hiyo, na sasa anauza samaki kwa hoteli za Machakos na kwa wafanyakazi wa viwanda vya Athi River.

Muthoka alisimama, akavua kofia. Akamuuliza bwana samaki, kwa heshima zote, kama ameona njiani ng'ombe wanavyolamba mawe. Hapa binadamu hana maji ya kunywa, na serikali inataka kumjengea samaki, ndugu yake nyoka, nyumba ya maji? Watu walicheka mpaka chifu akatoa leso. Muthoka alipoona kicheko kimenoga akaongeza kwamba, akiwa hai, kitu chenye magamba hakitapita langoni kwake. Angekaa chini mapema kidogo ingekuwa heri, lakini nani hukaa chini watu wakimcheka vizuri hivyo?

Asilolijua ni kwamba binti yake Mbithe, aliyekuwa akishona suruali katika kiwanda kimoja pale EPZ Athi River, alikuwa anakula samaki kila wiki na kulamba vidole, na kwamba aliyemuuzia ndiye huyo huyo Mulwa. Mambo yalianza kwa samaki, yakaendelea. Siku Mbithe aliposema nyumbani ni nani anayetaka kuleta ntheo, Muthoka aliacha chakula chake kikapoa. Mwishowe aliuliza swali moja tu, kama kijana ana mbuzi. Alikuwa nao. Basi.

Alimpenda binti huyo kuliko kisu chake, na hilo si jambo dogo. Tangu akiwa mdogo Mbithe ndiye aliyemshikia karai akikata nyama, mikono yote miwili mbele, hatetereki, anataja kila kipande kabla baba hajakikata. Kwa hiyo siku ya ntheo ilipofika, Muthoka aliamka mapema akanoa kisu mpaka Mukai, mkewe, akamwambia kitaisha. Mukai alikuwa na neno jingine pia, na alilisema akiwa amemgeuzia mgongo, anachambua maharagwe. Wageni hawa wakirudishwa, Mbithe atafanya alichofanya Kalondu. Na baba yake atakaa hapa na lango lake.

Shahidi, bila shaka, alikuwa Nzioka. Hakuna jirani mwingine wa ukoo tofauti aliyekuwa mzee wa kutosha. Alifika amevaa koti, akakaa karibu na lango, akatoa kopo lake la ugoro, na watu wengi waliokuja siku hiyo, tusidanganyane, walikuja kumwangalia yeye.

Pikapu ya wageni ilisimama nje ya ua kama saa sita. Wa kwanza kushuka alikuwa Bartholomew, mjomba wake Mulwa, katekista na msemaji wa upande wao, mtu ambaye husalimia kwa dakika nzima hata akikukuta unakimbilia gari. Siku hiyo alisalimia kwa neno moja.

"Mzee," akasema, "tuko na shida kidogo."

"Kidogo ya kiasi gani?"

"Beberu amekufa."

Muthoka alienda akachungulia nyuma ya gari. Beberu alikuwa amelala chali, miguu juu, tumbo limevimba kama ngoma. Mulwa alisimama kando, kijana mrefu katika suti ya kuazima, anatamani ardhi immeze. Hadithi ilitoka kipande kipande. Mulwa ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara hasafiri kwa shughuli moja. Kulikuwa na mteja pale Mwala aliyechimba kidimbwi kipya, akaagiza gunia la chakula cha samaki na kambare mmoja mkubwa, mama wa kuzaa vifaranga. Bartholomew alikataza, akasema shughuli ya ntheo haichanganywi na mizigo, hakusikilizwa. Beberu, ambaye tangu mwaka juzi hakuwa ameona kitu kinachofanana na nafaka, alitafuna pembe ya gunia, akatumbukiza kichwa, akala mpaka mwisho wa maisha yake. Mteja mwenyewe hawakumkuta nyumbani, kwa hiyo kambare bado alikuwa ndani ya pipa, salama kabisa.

"Kwa hivyo mbuzi ameuawa na samaki," Nzioka alisema polepole, na uwanja mzima ukamgeukia Muthoka.

Ikatafutwa njia. Mbuzi wa Muthoka mwenyewe walikuwa Konza, walikopelekwa kutafuta nyasi, na wa majirani ni huko huko. Majike mawili ya ntheo yaliyoletwa wiki iliyopita yalikuwa zizini, lakini hayo ni ya kufugwa, ndiyo mbegu, na hakuna Mkamba mwenye akili anayeyachinja. Bartholomew akakohoa, akasema basi huenda lililo jema ni wao kurudi nyumbani, waje tena baada ya mvua.

Baada ya mvua. Muthoka aliyasikia maneno hayo yakitembea uwanjani. Alimtazama Nzioka, na Nzioka akatazama ugoro wake. Angeweza kusema leo tulegeze kidogo, mbuzi huyu alikufa njiani kwa bahati mbaya, sote ni binadamu. Alifungua mdomo kweli. Kisha akakumbuka ni nani aliyekaa pale langoni, akaufunga kwa aibu.

Ndipo Mbithe alipotoka jikoni, jambo ambalo msichana wa ntheo halifanyi. Alipita katikati ya wazee akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, akamuuliza Mulwa kama yule wa ndani ya pipa ni mzima. Mulwa akasema kambare ni roho ngumu, huyu hata ukimtia kwa gunia bichi anafika Mombasa akiuliza chakula.

Mbithe akamgeukia baba yake. "Baba, sheria si ni mnyama aingie mzima, tena aingie mwenyewe?"

"Mnyama," Muthoka alisema. "Sio nyoka."

"Huyu sio nyoka. Na anatembea."

Watu waliguna. Bartholomew mwenyewe alionekana kuomba kimoyomoyo. Mulwa, ambaye sasa hakuwa na kitu cha kupoteza, akaeleza kwamba mvua ikinyesha kambare hutoka kidimbwini usiku, akajikokota juu ya nyasi mbichi mpaka kwenye maji mengine. Yeye amepoteza wengi kwa jirani yake namna hiyo, na jirani huapa kwamba hakuwaita. Hana magamba hata moja, akaongeza, na hilo alilisema akitazama pembeni, maana habari za baraza zilifika mpaka Iveti.

Muthoka alimtazama binti yake. Alikuwa amesimama mbele yake, mikono miwili imetangulia, mitupu, vile vile alivyosimama akiwa mtoto na karai. Akisema hapana, lango litabaki safi na nyumba itabaki tupu. Akisema ndiyo, watu watamcheka mpaka kaburini, na watakuwa na haki.

"Mshusheni," akasema.

Lakini kambare hatembei juu ya vumbi, na vumbi ndilo lililokuwa limejaa pale, jekundu, la moto. Mulwa akasema inahitajika njia ya maji. Mwaka ule ukimwomba mtu maji ya kumwaga ni kama umemtukana. Basi Mukai akaingia jikoni, akatoka na jerikeni aliloamkia alfajiri kulipangia foleni kisimani, na bila kumtazama mtu yeyote akalimwaga lote, kuanzia nje ya lango kuja ndani, mpaka tone la mwisho. Mbele, karibu na mlango wa nyumba, Mbithe aliweka beseni la maji ya kuoshea vyombo.

Kambare akamiminwa nje ya lango. Wengi hawakuwahi kumwona. Alikuwa mweusi, mnene kama paja la mtoto, sharubu ndefu, kichwa bapa, na alilala pale kwenye tope akifungua na kufunga mdomo kama mzee aliyeamshwa usingizini. Watoto walikimbilia nyuma ya nyumba. Kwa muda hakufanya lolote. Kisha akasimika mapezi ya kifuani, akapinda mkia huku, akaupinda kule, na akaanza kuja.

Hakuna aliyecheka. Alikuja kwa vituo, anajinyonganyonga, anapumzika, anaendelea, sharubu zinapapasa tope. Akafika kwenye nguzo za lango. Hapo akasimama, nusu nje, nusu ndani. Jua lilikuwa limekwisha kunywa maji ya Mukai, na mbele yake tope lilikuwa linageuka vumbi tena.

Muthoka hakujua alivyofika pale. Alijikuta amechuchumaa ndani ya lango, amri ya kutosukuma ikiwa yake mwenyewe, mikono imefungwa nyuma asije akajisahau. Alikuwa na debe dogo la maji aliyojiwekea kuoshea kisu. Akamuuliza Bartholomew, kwa sauti ndogo, kama kumlainishia mtu njia ni kumsukuma. Katekista akafikiri, akasema katika dini haimo. Muthoka akamwaga. Na midomo yake, ambayo ilikuwa imeita mbuzi maisha yake yote, ikaanza kuita yenyewe, ule mlio wa ulimi kwenye meno unaoita mbuzi kwenye chumvi.

"Njoo," akamwambia kambare. "Njoo, baba. Usinifanyie hivi."

Kambare akapinda mkia, akaja. Aliingia mwili wote, kichwa na mkia, akajivuta mpaka kwenye beseni, na Mbithe akaliinamisha beseni, naye kambare akajiingiza mwenyewe majini.

Sasa macho yote yalikuwa kwa Nzioka. Alichukua ugoro kidogo, akavuta tundu la kulia, akavuta la kushoto, akapangusa pua. Muthoka alikuwa bado amechuchumaa, magoti yamejaa tope, akimtazama mtu ambaye kwa neno moja angeweza kumlipa yote.

"Nimeona," Nzioka alisema. "Ameingia. Na ameingia mwenyewe."

Akina mama walipiga vigelegele, Bartholomew akamkumbatia mtu asiyemjua. Nzioka alingoja kelele zipungue. Kisha akasema, si kwa hasira, kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau sokoni, "Mbuzi wa Kalondu alikuwa na miguu minne."

Muthoka aliinuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti na kwa sababu nyingine. Angeweza kujibu kwamba yule alibebwa na huyu hakubebwa, na mbele ya wakili angeshinda. Aliitazama njia ya maji iliyokuwa inakauka, ambayo yeye mwenyewe aliimalizia kwa debe lake, na hakuona tena tofauti kubwa kati yake na wale vijana wawili wenye huruma.

"Aliingia," akasema, kwa sauti ya baraza, ili pande zote mbili zisikie. "Mimi ndiye nilikuwa shahidi na mimi ndiye nasema. Mbuzi wa Kalondu aliingia ile siku. Wakileta yule wa kuchinjwa hata kesho, hata akiwa mwembamba, nakuja na kisu changu. Kalondu ni bibi ya watu."

Nzioka alifunga kopo la ugoro, akalifungua, akalifunga tena.

Ilibaki kazi ya kukata, na hiyo Muthoka hakumwachia mtu. Kambare alimponyoka mara ya kwanza akaruka mpaka kwenye viatu vya Bartholomew. Mbithe akaleta majivu ya jikoni, akamwonyesha baba namna ya kumpaka ili asiteleze, kisha akashika karai. Shingo haikuwepo. Muthoka alizunguka kichwa kile kwa kisu, ananung'unika, mpaka akaamua kwamba shingo ni pale kichwa kinapoishia, asiyekubali ajitokeze. Bega la baba wa msichana akaliona nyuma ya pezi la kifuani. Alipofungua tumbo akakuta mbavu, safu nzuri, zimepangwa kwa adabu kama za mbuzi, na hapo akapunguza kunung'unika. Kila mtu alipata chake. Kilikuwa kipande cha kutosha mdomo mmoja, pamoja na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe ya msaada, lakini kilikuwa chake, na sufuria ya supu ilinukia mpaka barabarani.

Shingo ni ya shahidi. Nzioka alipopewa yake hakuila. Alichuma jani la mgomba mmoja uliokuwa umebaki hai karibu na jiko, akaikunja humo vizuri. Alipoulizwa kama samaki amemshinda, akasema hapana, ila kuna mtoto ambaye bado hajapokea kitu kutoka mkononi mwa babu yake, na akitembea haraka atafika kabla ya giza.

Muthoka alimsindikiza mpaka langoni. Pale akamzuia, akachukua bega lake mwenyewe kutoka kwenye sahani, akaliweka juu ya ile shingo, akalifunga jani upya.

"Mwambie Kalondu atoe miiba kwanza," akasema. "Mbithe anasema iko na miiba."

Akarudi akiwa na sahani tupu. Lakini baba wa msichana ni lazima aonje, la sivyo ntheo haijakwisha, na wageni wote walikuwa wamekaa wakimngoja. Mukai akampa bakuli la supu. Muthoka akalishika kwa mikono miwili, akafumba macho kama mtu anayemeza dawa, akanywa. Akafumbua macho. Akanywa tena, akalimaliza, akapangusa sharubu, kisha akamwinamia mkewe, kwa sauti ambayo hakutaka Iveti yote isikie, akamwomba amwongezee.